Ngozi ya sato juu ya jeraha la moto: uchambuzi wa kisa cha Fortaleza

Tangu mwaka 2016, katika kitengo cha majeruhi wa moto cha hospitali ya Instituto Doutor José Frota mjini Fortaleza, Brazili, wapo wagonjwa walioungua ambao hawapakwi krimu wala hawabadilishiwi bandeji kila siku. Jeraha lao hufunikwa kwa ngozi ya samaki iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu. Ngozi hiyo hushika, na huachwa hapo hadi ngozi ya mtu mwenyewe iote chini yake. Samaki huyo ni wa Afrika: Oreochromis niloticus, sato kwa watu wa Mwanza na ngege kwa watu wa Kisumu. Brazili ilimpokea mwaka 1971 kutoka Bouaké, Kodivaa, akaanza kufugwa kwenye mabwawa ya jimbo la Ceará, na leo ndiye samaki anayefugwa kwa wingi kuliko wote nchini humo.

Habari hii imezunguka sana duniani, mara nyingi ikisimuliwa kama muujiza wa kolajeni ya samaki, yaani ile protini ya nyuzi inayoipa ngozi nguvu. Hapo ndipo watu wanapopotea. Kilichofanya kazi Fortaleza ni ngozi nzima, yenye nyuzi zake za kolajeni zikiwa bado zimefumwa kama zilivyokuwa mwilini mwa samaki. Si unga wa kolajeni, si krimu, si kidonge. Anayetaka kufanya kitu cha namna hiyo kwa ngozi za sato au sangara wa Ziwa Viktoria lazima aanze na tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua bidhaa yake itahimili joto gani, na kisichohimili joto la mwili hakina kazi kwenye jeraha.

Tatizo lililotakiwa kutatuliwa

Tuzungumzie kuungua kwa daraja la pili kusikokwenda kina. Tabaka la juu la ngozi, epidemisi, limekwenda. Tabaka la chini yake, demisi, limebaki kwa sehemu kubwa, na ndani yake mna mashina ya vinyweleo na tezi za jasho. Seli zinazozunguka mashina hayo ndizo zinazopanda juu, zikatambaa pembeni na kukutana hadi jeraha lifunikwe. Jeraha la aina hii lina uwezo wa kupona lenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, mradi libaki na unyevu, lisiingiwe na maambukizi, na lisikwanguliwe kila siku.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa na tiba ya kawaida. Krimu ya salfadayazini ya fedha ya asilimia 1, inayotumika Brazili kama inavyotumika katika hospitali zetu nyingi, inabidi iondolewe na kupakwa upya kila siku au kila baada ya siku mbili. Shashi huwa imeshikamana na jeraha. Ukiivuta unang'oa seli changa pamoja nayo, na neva zilizo wazi humfanya mgonjwa apige kelele. Kwa mtoto, mara nyingi huwezi kufanya kazi hiyo bila dawa ya usingizi. Krimu yenyewe huacha utando wa rangi ya kijivu na manjano unaomficha daktari kina halisi cha jeraha, na fedha iliyomo huua bakteria lakini pia huzidhuru seli mpya za ngozi.

Njia nyingine ni kufunika jeraha kwa ngozi ya binadamu aliyefariki, kutoka benki ya ngozi, au ngozi ya nguruwe. Benki za ngozi Brazili zilikuwa chache mno kuliko mahitaji. Ngozi ya nguruwe ina ukakasi wa kidini kwa Waislamu na Wayahudi, jambo ambalo daktari wa Zanzibar au Mombasa halazimiki kuelezwa mara mbili.

Mwaka 2011 daktari wa upasuaji wa Recife, Marcelo Borges, alisoma gazetini kuhusu mafundi wanaotengeneza vitu vya mapambo kwa ngozi ya tilapia, yaani sato huyohuyo, na kwamba karibu ngozi yote inayobaki viwandani hutupwa. Alijiuliza kama ingeweza kufunika jeraha. Baadaye aliungana na Edmar Maciel wa Fortaleza, na kazi ya maabara ikafanyika katika Chuo Kikuu cha Serikali Kuu cha Ceará, kwenye kituo cha utafiti wa dawa kilichoongozwa na Odorico de Moraes.

Ngozi yenyewe ina nini

Chini ya darubini, demisi ya sato huonyesha vifungu vinene vya kolajeni ya aina ya kwanza, vilivyobanana, vingine vikienda sambamba na uso wa ngozi na vingine vikikatiza. Mpangilio huo ndio unaoipa nguvu ya kuvutwa bila kuchanika, ndiyo maana muuguzi anaweza kuinyoosha juu ya mkono uliopinda bila kupasuka. Pia inashika maji vizuri. Ikilazwa juu ya jeraha bichi, utomvu wa jeraha wenye faibrini, protini inayogandisha damu, huigandisha pale, na kuanzia hapo neva zinafunikwa, maji ya mwili hayapotei ovyo, na bakteria wa nje wanakuta mlango umefungwa.

Ni muhimu kusema pia isichokifanya. Haigeuki kuwa ngozi ya mgonjwa. Ni kifuniko cha muda. Mwisho wake hukauka na kubanduka. Kuota kwa ngozi kunafanywa na seli za mgonjwa zilizosalia kwenye demisi yake. Kama moto umezila zote, hakuna samaki atakayeziumba.

Usindikaji, mahali kazi ilipo

Ngozi huchunwa kwa samaki wa kufugwa mwenye uzito wa karibu gramu 800 hadi kilo 1, aliyetoka kwenye maji yanayojulikana. Ukubwa huo unatoa kipande kipana cha kutosha bila ngozi kuwa ngumu mno. Huchunwa mara samaki akishakufa, huoshwa kwa maji yanayotiririka, kisha hulazwa kwenye maji baridi ya chumvi. Magamba huondolewa. Nyama iliyobaki upande wa ndani hukwanguliwa yote, na hapa uvivu unalipiwa baadaye: uzi mmoja wa nyama au mafuta uliosahaulika utaoza kabla ya kufika kwenye dawa, na mafuta yakipigwa mionzi huoksidika na kuacha harufu ya ukale ambayo haiondoki kwa kuosha. Mgonjwa akisikia harufu ya samaki kitandani mwake, tatizo lilianzia kwenye meza ya kukwangulia.

Baada ya hapo ngozi huingia kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 kwa nusu saa, husuuzwa, kisha hurudiwa tena nusu saa kwenye dawa mpya. Kurudia si urembo. Dawa ya kwanza hupungua nguvu kwa sababu protini na ute wa samaki huimeza. Ya pili ndiyo inayofanya kazi kwenye uso ambao tayari ni safi.

Kisha inafuata gliseroli, kimiminika kizito kinachovuta maji, kwa ngazi: asilimia 50 iliyochanganywa na maji ya chumvi ya hospitali pamoja na viuavijasumu na dawa ya fangasi, halafu asilimia 75, halafu gliseroli tupu. Mtu mwenye haraka atauliza kwa nini asiitumbukize moja kwa moja kwenye gliseroli tupu. Akifanya hivyo, uso wa ngozi utapoteza maji ghafla na kujikunja, huku maji ya katikati yakinaswa ndani. Kwa nje itaonekana imekamilika, lakini katikati bado kuna unyevu wa kutosha bakteria kuishi. Kwa ngazi, maji hutoka polepole na gliseroli hushika nafasi yake kote. Matokeo ni ngozi laini, inayokunjika, isiyo na maji ya kulisha vijidudu.

Hatua ya mwisho ni mionzi ya gama, ngozi ikiwa tayari imefungwa kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa. Kipimo kinachozoeleka kwa vifaa tiba ni kilogrei 25. Ukishuka sana, mbegu za bakteria hubaki hai. Ukipanda sana, mionzi huikata minyororo ya kolajeni na ngozi inakuwa ya kuchanika kama karatasi iliyolowa. Gliseroli husaidia hapa pia, kwa sababu hunasa sehemu ya chembe haribifu ambazo mionzi huzizalisha kwenye maji. Fortaleza haikuwa na mtambo wa kazi hii, kwa hiyo ngozi zilisafirishwa hadi taasisi ya nishati ya nyuklia, IPEN, São Paulo, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Anayepanga mradi kama huu Kisumu au Mwanza aanze kuuliza habari za mtambo wa gama kabla ya kuuliza habari za samaki, maana samaki wapo.

Huwezi kuikwepa hatua hii kwa mvuke. Mashine ya hospitali ya kuchemshia vifaa hufika nyuzi 121 za selsiasi, na kwenye joto hilo kolajeni yote inakuwa supu.

Kabla ya kundi la ngozi kutoka, sampuli hupandikizwa maabara kutafuta bakteria na fangasi. Zilizofaulu huhifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 4, na zinadumu hadi miaka 2.

Tahadhari moja inapaswa kusemwa waziwazi, kwa kuwa picha za kisa hiki zimefika kwenye simu za watu wengi: ngozi ya sato wa sokoni haiwekwi kwenye jeraha, hata ikioshwa kwa chumvi, limau au maji ya moto. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hubeba Aeromonas na Pseudomonas, bakteria wanaolipenda jeraha la moto kuliko mahali pengine popote, na wapo wengine kama Streptococcus iniae na Mycobacterium marinum wanaoingia kwa binadamu kupitia mikwaruzo tu. Mtu akiungua, kitu cha nyumbani ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kitambaa safi, kisha hospitali.

Kwenye kitanda cha mgonjwa

Pakiti ikifunguliwa, ngozi husuuzwa kwenye maji ya chumvi mara tatu, dakika tano kila mara. Gliseroli iliyobaki huvuta maji kutoka kwenye jeraha na kuchoma kama chumvi, hivyo asiyesuuza vizuri atamwona mgonjwa akiruka. Jeraha huoshwa, malengelenge yaliyopasuka na ngozi iliyokufa huondolewa. Ngozi ya samaki hulazwa upande wa ndani ukigusa jeraha, upande wenye madoa ya magamba ukitazama juu. Inapita ukingo wa jeraha angalau sentimita 1 juu ya ngozi nzima, na kipande kimoja kinalalia kingine kidogo, kwa kuwa zikikauka hujivuta na kuacha mianya. Hewa na maji yaliyonaswa chini husukumwa nje kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Juu yake shashi na bandeji.

Siku mbili za kwanza ndizo za uamuzi. Bandeji hufunguliwa na ngozi kukaguliwa. Iliyoshika ina rangi moja, haitelezi ukiisukuma kwa kidole, na mgonjwa haumii ukiibonyeza. Ikiwa inaelea juu ya maji, inatobolewa au kubadilishwa. Ikiwa chini yake kuna usaha, inaondolewa yote, jeraha linaoshwa, na huenda mgonjwa akarudi kwenye krimu. Iliyoshika haiguswi tena. Kadiri siku zinavyokwenda hukauka, hukakamaa na kuwa nyeusi-nyeusi, na ndugu wa mgonjwa wanapaswa kuambiwa mapema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, la sivyo watadhani mkono unaoza. Kingo zinazoinuka hukatwa kwa mkasi. Karibu siku ya 9 au ya 10 huanza kubanduka yenyewe. Inayong'ang'ania hulainishwa kwa vaselini au maji ya bafuni.

Inaposhindwa, sababu huwa ni zilezile chache. Viungio: kiwiko, goti na nafasi za vidole hujikunja na kuibandua kabla haijashika, kwa hiyo huhitaji vipande vidogo na banzi kwa siku hizo mbili. Muda: jeraha la siku nne au tano tayari lina wakazi wake, na kulifunika ni kuwafungia ndani. Kina: jeraha lililoonekana la juujuu siku ya kwanza linaweza kuzama siku ya tatu, hasa kwa mtoto aliyeungua kwa uji au chai, na ngozi iliyolishika vizuri inamzuia daktari kuliona likizama. Homa inayopanda baada ya siku ya pili, au maumivu yanayorudi baada ya kutulia, ni sababu tosha ya kuinua ukingo na kuchungulia. Na mgonjwa huulizwa kuhusu mzio wa samaki kabla ya pakiti kufunguliwa, si baada.

Matokeo yalivyo, na namna ya kuyasoma

Jaribio kubwa la kikundi cha Fortaleza, la awamu ya tatu, lilikuwa na wagonjwa 115 wa nje wenye majeraha ya daraja la pili ya juujuu, wakigawanywa kwa bahati nasibu kati ya ngozi ya tilapia na krimu ya salfadayazini ya fedha. Jeraha lilifunikwa na ngozi mpya kwa wastani wa siku 9.7 kwa ngozi ya samaki na 10.2 kwa krimu. Bandeji zilibadilishwa wastani wa mara 1.6 dhidi ya 4.9. Gharama kwa mgonjwa ilishuka kwa asilimia 42.1, na maumivu yalipungua.

Tofauti ya nusu siku ni ndogo. Anayetangaza kwamba kolajeni ya samaki inaotesha ngozi kwa kasi ya ajabu hana msaada kwenye namba hizi, hasa ukikumbuka kwamba kilichoshindanishwa nacho ni krimu inayojulikana kuchelewesha uponaji. Namba ya thamani ni ile ya 1.6 dhidi ya 4.9. Kila badiliko la bandeji lisilofanyika ni maumivu yasiyokuwapo, dozi ya dawa isiyotumika, nauli isiyolipwa, na saa ya muuguzi iliyokwenda kwa mgonjwa mwingine. Kwa hospitali ya wilaya yenye muuguzi mmoja kwa wodi nzima, hilo ni jambo kubwa kuliko nusu siku ya kasi.

Ndiyo sababu pia njia hii ilichukuliwa na madaktari wa mifugo. Desemba 2017, baada ya moto mkubwa wa kusini mwa California, Jamie Peyton wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliitumia kwa dubu wawili na mtoto wa simba wa milimani walioungua nyayo. Dubu hawezi kushikwa kila siku abadilishiwe bandeji. Ngozi za tilapia zilishonewa juu ya nyayo na kufungwa kwa vitu vinavyoweza kuliwa, kama karatasi ya mchele na maganda ya mahindi, ili mnyama akizing'oa na kuzimeza visimdhuru. Dubu walirudishwa porini Januari 2018.

Swali la joto

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. Molekuli ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Ikipashwa joto kupita kiwango chake, msokoto hufunguka na kilichobaki ni jelatini, inayoyeyuka na kumezwa na vimeng'enya vya jeraha kwa muda mfupi. Kiwango hicho hutegemea kwa sehemu kubwa wingi wa amino asidi mbili, prolini na haidroksiprolini, na samaki huwa nazo kulingana na maji anayoishi. Kolajeni ya ndama iliyoyeyushwa kwenye asidi hufunguka karibu nyuzi joto 36 hadi 40. Ya sangara wa Ziwa Viktoria, iliyopimwa na John Muyonga wa Makerere na wenzake mwaka 2004, hufunguka karibu nyuzi 36. Ya chewa wa Atlantiki, yule wa maji ya barafu na si chewa wa miamba yetu, hufunguka karibu nyuzi 15 au 16. Yaani kolajeni ya chewa huyo ikiwekwa kwenye chupa juu ya meza Dar es Salaam, imeshaharibika kabla hujaandika lebo.

Lakini kampuni ya Kerecis ya Ísafjörður, Aisilandi, inatengeneza kifuniko cha majeraha kwa ngozi ya chewa huyohuyo, na mamlaka ya Marekani, FDA, iliipa ruhusa mwaka 2013. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu 81 wa kujitolea walitobolewa matundu mawili ya milimita 4 mkononi, moja likawekewa ngozi ya chewa na jingine utando wa utumbo wa nguruwe. Yale ya ngozi ya samaki yalipona haraka zaidi. Imewezekanaje ikiwa kolajeni yake haivuki nyuzi 16?

Jibu ni kwamba nyuzi 16 ni kiwango cha molekuli iliyotengwa na wenzake, ikielea kwenye asidi. Ndani ya ngozi nzima molekuli zimelala bega kwa bega, zimefungamana kwa viungo vya kikemia, na zinazuiana kufunguka. Ngozi nzima ya chewa husinyaa karibu nyuzi 40; ya ndama karibu 65. Ukitoa seli na kuacha mfumo wa nyuzi ukiwa mzima, unabaki na uvumilivu wa zile nyuzi joto 40. Ukiyeyusha mfumo huo kwenye asidi ili upate kolajeni safi, umezitupa nyuzi zaidi ya ishirini za joto kwa mkono wako mwenyewe, na itakubidi uzirudishe kwa kemia.

Anayetaka kuitoa kolajeni kwenye ngozi ya sangara

Ipo sababu nzuri ya kutaka hivyo. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Entebbe hutoa ngozi kila siku. Mapanki (vichwa na mifupa inayobaki) yana wanunuzi wake, mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yanauzwa kwa bei kubwa kwenda Uchina, lakini ngozi thamani yake bado ni ndogo. Na kolajeni iliyoyeyushwa inaweza kumiminwa kwenye umbo lolote: sponji, utando, jeli ya kujaza kidonda chenye shimo, ambapo kipande bapa cha ngozi hakifai.

Kwa gramu 100 za ngozi iliyokatwa vipande vya nusu sentimita, hatua ya kwanza ni lita 1 ya sodiamu haidroksaidi yenye gramu 4 kwa lita, ndani ya jokofu la nyuzi 4, siku nzima, ukiibadilisha kila baada ya saa nane. Inaondoa protini nyingine na kupunguza sumu za kuta za bakteria. Iache ipoe kabisa kabla ya kuimimina, kwa sababu inapoyeyuka hutoa joto lake. Osha hadi maji yasiwe na ukali. Siku ya pili, butanoli ya asilimia 10 kutoa mafuta. Sangara ana mafuta mengi, na sponji yenye mafuta hunuka na haipokei maji. Kisha asidi ya asetiki ya gramu 30 kwa lita, lita 4, siku tatu, ikikorogwa polepole. Ngozi huvimba na kuwa angavu, na maji hubadilika kuwa mazito yanayovutika kama uzi kutoka kwenye ncha ya kijiti. Chuja, ongeza chumvi polepole kufikia gramu 53 kwa lita, na kolajeni itajitenga kama nyuzi nyeupe. Isokote kwenye sentrifuji, iyeyushe tena kwenye asidi, itoe chumvi kwa dayalisisi (kuichuja kupitia utando unaopitisha chumvi na kuzuia kolajeni), igandishe na kuikausha kwa ombwe.

Adui wa kazi yote hii ni umeme kukatika. Chumba cha nyuzi 30 usiku mmoja kinatosha kuharibu kundi zima hata kwa samaki wa maji ya joto, kwa kuwa asidi hushusha uvumilivu wake. Maabara isiyo na jenereta iwe na barafu ya kutosha na kipimajoto kinachoandika usiku kucha. Kuharibika kwake hakuonekani kwa macho: unga wa jelatini ni mweupe sawasawa na wa kolajeni. Kunaonekana kwa jaribio rahisi. Chukua myeyuko wa asilimia 1, usawazishe asidi yake ukiwa baridi, gawanya kwenye chupa mbili, moja jokofuni na nyingine kwenye nyuzi 30. Kolajeni nzima huganda kwenye joto, nyuzi zake zikijijenga upya na myeyuko kuwa kama maziwa. Jelatini hufanya kinyume: huganda jokofuni na kuyeyuka kwenye joto.

Sponji hupatikana kwa kugandisha myeyuko huo na kuukausha. Ukigandisha polepole, chembe za barafu hukua na matundu yanakuwa makubwa ya kupitisha seli. Ukigandisha ghafla, yanakuwa madogo mno na seli hubaki juu. Kisha lazima ifungamanishwe, na hapa ndipo zile nyuzi za joto zilizotupwa zinaporudishwa. Kemikali inayotumika zaidi ni EDC pamoja na NHS, kwa uwiano wa moli 5 kwa 2, ndani ya ethanoli ili sponji isivimbe na kuporomoka. Haiachi mabaki ndani ya kiungo chenyewe, na ziada yake husuuzwa. Glutaraldehidi ni rahisi na hufunga vizuri, lakini hutoa sumu taratibu kwa seli na haifai jeraha bichi. Njia ya kuoka kwenye nyuzi 105 ndani ya ombwe, inayotumika kwa kolajeni ya ng'ombe, ni hatari kwa ya samaki: unyevu kidogo ukibaki ndani, inaungua kuwa jelatini kabla ya kufungamana.

Kabla ya sponji hiyo kumkaribia mnyama wa majaribio, achilia mbali mtu, na kabla ya kufikiria usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, au wa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, kuna vipimo viwili vya kufanya kwanza kwa kuwa ni vya bei nafuu na vinaangusha bidhaa nyingi. Kimoja ni cha endotoksini, sumu inayobaki bakteria wa majini wakishakufa. Mionzi haiiondoi, na kikomo kinachotumika kwa kifaa kimoja ni uniti 20; ukizidi, jeraha litavimba na kuwa jekundu bila bakteria hata mmoja, na utatafuta maambukizi yasiyokuwapo. Kingine ni kuikata sponji vipande, kuvipima uzito vikiwa vikavu, kuviacha kwenye maji ya chumvi yenye kolajenesi, kimeng'enya kinachokula kolajeni, kwa nyuzi 37, na kuvikausha na kuvipima tena baada ya siku 1, 3 na 7, kando ya vipande vya ngozi nzima ya samaki yuleyule. Ikiwa sponji imekwisha siku ya kwanza wakati ngozi ipo bado siku ya saba, rudi kwenye kufungamanisha.